Majina ya Watu wa Hasira katika Lugha ya Kiingereza: Historia ya Maneno na Historia ya Hukumu

1. Utangulizi

Msomaji wa Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James wa Kwanza, afikapo 1 Samweli 25:3, hukuta Nabali akiitwa "churlish". Wanafunzi wetu wengi hufungua kamusi, huona kwamba neno hilo lamaanisha mtu mkali asiye na adabu, kisha huendelea na somo. Ni wachache wanaouliza neno lenyewe lilitoka wapi, na lilipita njia gani hata likafika mlangoni pa Nabali.

Katika makala hii tunakusudia kuyachunguza baadhi ya maneno ambayo Waingereza wameyatumia kwa karne nyingi kuwaita watu wenye hasira, ununaji na ugomvi. Hoja yetu ni kwamba mengi ya maneno hayo hayakuanza kama maneno ya tabia. Moja lilikuwa cheo cha mtu katika jamii, jingine lilikuwa habari ya mwili na magonjwa yake, jingine jina la mnyama, jingine uzushi juu ya dini ya jirani, na moja lilikuwa hata sifa njema. Yalipata kuwa lawama vinywani mwa wale waliokuwa na uwezo wa kuwapa wenzao majina. Na mojawapo liliingia mahakamani, likawatia watu majini.

Kabla ya kuanza, hatuna budi kutoa tahadhari moja. Mwaka 1961 mtaalamu wa Agano la Kale James Barr alichapisha kitabu chake juu ya maana za maneno katika lugha ya Biblia. Humo aliwaonya wanatheolojia wasidhani kwamba asili ya neno ndiyo maana yake ya kweli. Onyo hilo lingali na nguvu. Kwa hiyo hatusemi kwamba Mwingereza wa leo atamkapo neno fulani huwa anawaza maana yake ya kale. Tunasema tu kwamba safari ya neno ni sehemu ya historia ya watu, na kwamba safari hiyo yaweza kutufundisha jinsi hukumu zinavyozaliwa.

2. Mwili: nyongo, wengu na mchanganyiko

Waganga wa Wayunani, waliofuata mapokeo ya Hippocrates, walifundisha kwamba ndani ya mwili wa mwanadamu mna majimaji ya aina nne, yaani damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Galen, tabibu wa karne ya pili B.K., aliyapanga mafundisho hayo kwa namna iliyotawala utabibu wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu kwa zaidi ya miaka 1000. Afya ilikuwa ni uwiano wa majimaji hayo. Nyongo ya manjano ikizidi, mtu huwa mwepesi wa kukasirika. Nyongo nyeusi ikizidi, mtu huwa na huzuni na manung'uniko. Ndipo Waingereza walipopata neno "choleric", litokalo katika neno la Kiyunani la nyongo, na neno "melancholy", ambalo maana yake halisi ni nyongo nyeusi. Hata wengu ulipata lawama yake. Jina lake la Kiingereza, "spleen", likawa pia jina la chuki na ukali.

Neno "temper" lenyewe lina historia ya ajabu kidogo. Shina lake ni tendo la Kilatini "temperare", yaani kuchanganya kwa kipimo kinachofaa. Hapo kale kuwa na "temper" kulikuwa ni kuwa na mchanganyiko uliolingana, na mtu aliyeipoteza alikuwa amepoteza ulinganifu wa nafsi yake. Lakini kadiri miaka ilivyopita neno liligeuka, hata leo mtu akisemwa kwamba ana "temper" huwa analaumiwa kwa hasira. Hivyo neno moja linataja utulivu linapopotea, na linataja hasira linapokuwepo.

Mtu aliyeyakusanya mafundisho haya kwa upana mkubwa alikuwa mchungaji. Robert Burton, kasisi wa Kanisa la Uingereza na mwanachuo wa Oxford, alitoa mwaka 1621 kitabu kikubwa juu ya ugonjwa wa nyongo nyeusi, akakiongeza tena na tena hata kufa kwake mwaka 1640. Leo hakuna tabibu anayetibu kwa kufuata majimaji manne. Hata hivyo twaona jambo jema katika mafundisho hayo yaliyokwisha kupitwa, nalo ni kwamba yalimtazama mtu wa hasira kama mgonjwa wa kuhurumiwa. Nasi Waswahili hatuko mbali na lugha hiyo, maana hata sasa twasema kwamba mambo yametumbukia nyongo.

3. Cheo: "churl" na "surly"

Turudi sasa kwa Nabali. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, "ceorl" lilikuwa neno la heshima ya kawaida. Lilimtaja mwungwana wa daraja la chini, mtu huru asiye mtumwa wala si mkuu. Sheria zilimtambua. Katika ufalme wa Wessex, mtu akimuua "ceorl" fidia ilikuwa shilingi 200, na akimuua mtu wa daraja la wakuu fidia ilikuwa shilingi 1200. Tofauti ilikuwa kubwa, lakini "ceorl" alihesabiwa kuwa mtu mwenye haki zake.

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, hali ya wakulima hao ilishuka, na wengi wakafungwa chini ya mabwana wenye ardhi. Neno likashuka pamoja nao. Kwanza likamaanisha mkulima asiye huru, kisha mshamba, kisha mtu asiye na adabu, mchoyo na mwenye maneno makali. Mtu hakuwa amebadilika tabia. Kilichobadilika kilikuwa nafasi yake mbele ya wale walioandika vitabu.

Jambo hili huonekana wazi zaidi tukiwatazama ndugu wa neno hilo. Shina lile lile la Kijerumani ndilo lililozaa jina Karl, ambalo kwa Kiingereza ni Charles. Huyo Kaisari Karl wa Tano, ambaye Martin Luther alisimama mbele yake huko Worms mwaka 1521, alibeba jina lililo ndugu wa tusi la Waingereza. Kwa mfalme likawa jina la enzi, na kwa mkulima likawa lawama.

Lugha yetu ilipita njia iliyo kinyume. Mwungwana kwa Kiswahili alikuwa kwanza mtu huru, asiye mtumwa, kisha neno likapanda likamaanisha mtu mstaarabu mwenye adabu. Lakini tusijisifu, kwa maana katika pwani hiyo hiyo watu wa bara waliitwa washenzi, na neno lililotaja watu wa mahali likawa tusi juu ya tabia zao. Mwungwana alipanda na mshenzi akashuka, kwa sababu mwenye kuzitaja tabia alikuwa mwungwana mwenyewe.

Nabali, tukisoma vema, hakuwa mkulima maskini. Andiko linasema alikuwa na kondoo 3000 na mbuzi 1000. Neno la Kiebrania lililotumika juu yake lina maana ya ugumu, nalo ni lile lile linalotumika katika Kutoka 32:9 kuhusu watu wenye shingo ngumu. Halina habari yoyote ya cheo. Ni wafasiri wa Kiingereza waliompa tajiri huyu jina lililotoka kwa watu wa chini. Hivyo hata ubaya wa tajiri ulipotajwa, wakulima ndio waliotoa jina lake.

Ni haki kusema kwamba wakuu nao hawakuachwa kabisa. Neno "surly", ambalo leo ni mtu mwenye uso wa kukunja na majibu ya mkato, hapo kwanza liliandikwa kwa namna iliyoonyesha wazi kwamba limetoka katika "sir", yaani bwana. Maana yake ilikuwa kujifanya bwana, kuwa na majivuno ya kibwana. Kiburi kikazaa ununaji, na bwana na mkulima wakakutana katika kamusi moja.

4. Mnyama: "shrew"

"Shrew" ni jina la mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye sisi humwita kirukanjia. Watu wa Ulaya walimwogopa wakiamini kwamba ana sumu. Imani hiyo haikuwa upuuzi mtupu, kwani wataalamu wa siku hizi wamethibitisha kwamba baadhi ya jamii zake wana mate yenye sumu. Kutokea hofu hiyo, wengi huamini, jina lake likapewa watu wabaya.

Linalotupasa kuliona ni kwamba mwanzoni watu hao walikuwa wanaume. Katika Kiingereza cha karne ya 13 "shrew" alikuwa mwanamume mwovu. Polepole neno likabanwa upande mmoja. Wakati William Shakespeare alipoandika tamthilia yake juu ya kumfuga mke mkaidi, iliyochapwa katika mkusanyo wa mwaka 1623, "shrew" alikwisha kuwa mwanamke mwenye ulimi mkali.

Katika shina hilo hilo likachipuka neno "shrewd". Nalo lilianza likimaanisha uovu, likapita katika ujanja, na leo ni sifa ya mfanyabiashara au mwanasiasa mwenye akili ya kuona mbali. Hivyo mnyama mmoja alizaa maneno mawili. Moja lilisafishwa likawa sifa, jingine likabaki kuwa lawama ya mwanamke. Wala tusifikiri kwamba jambo hili ni la Waingereza peke yao. Msomaji anayejua neno kirukanjia linatumikaje mitaani anajua kwamba nasi tulimchukua mnyama huyo huyo tukamtupia mwanamke, ingawa kwa kosa jingine.

5. Imani ya jirani: "termagant"

Neno "termagant" humaanisha leo mwanamke mgomvi apigaye makelele. Asili yake imo katika mashairi ya vita ya Kifaransa, hasa Wimbo wa Roland wa yapata mwaka 1100. Katika mashairi hayo Waislamu wanasimuliwa kuwa waabudu sanamu wenye miungu kadhaa, na mmojawapo anaitwa Tervagant. Kila mtu aliyepata kuishi na Waislamu anajua kwamba huo ni uzushi mtupu, kwa maana Uislamu hukataa sanamu kwa nguvu zote na hukiri Mungu mmoja.

Uzushi huo ulivuka bahari ukaingia katika michezo ya kuigiza ya Waingereza. Mungu huyo asiyekuwapo akawa mhusika wa kupiga kelele na kutisha, hata Shakespeare katika Hamlet akamtaja kama mfano wa uigizaji uliopita kiasi. Kisha jina likawashukia watu wenye makelele, wanaume kwa wanawake, na mwishowe likawabakia wanawake. Hivyo ushuhuda wa uongo juu ya dini ya jirani uligeuzwa ukawa ushuhuda mbaya juu ya mwanamke wa nyumbani. Sisi tunaoishi nyumba kwa nyumba na Waislamu tuna sababu ya kuikumbuka habari hii.

6. Sifa iliyopotea: "virago"

Neno la tano limo ndani ya Biblia yenyewe. Katika Mwanzo 2:23 Kiebrania kina mchezo wa maneno "ish" na "ishshah", mwanamume na mwanamke. Jeromu, aliyeimaliza tafsiri yake ya Kilatini yapata mwaka 405, alitaka kuuhifadhi mchezo huo. Kwa kuwa mwanamume kwa Kilatini ni "vir", alimwita mwanamke "virago". Luther naye alikuja kufanya vivyo hivyo kwa Kijerumani, akaandika "Männin".

Katika Kilatini "virago" lilikuwa neno la heshima, likimtaja mwanamke shujaa. Wafuasi wa John Wycliffe walipoifasiri Biblia kwa Kiingereza kutoka Kilatini mwishoni mwa karne ya 14, waliliacha neno hilo kama lilivyo. Hivyo Waingereza wa kwanza kuisoma Biblia nzima kwa lugha yao walimkuta Hawa akiitwa kwa jina hilo katika hali ya kutokuwa na dhambi, kabla ya kuanguka. Lakini katika miaka hiyo hiyo Geoffrey Chaucer, katika Hadithi za Canterbury, alilitumia kumlaani malkia mwuaji. Maana hizo mbili ziliishi pamoja kwa muda, kisha ile ya pili ikashinda. Nguvu iliyosifiwa kwa mwanamume ilipoonekana kwa mwanamke, iliitwa hasira.

7. Mahakamani: "scold"

Maneno tuliyoyataja hadi sasa yaliumiza masikio na heshima za watu. Neno "scold" liliumiza na miili yao. Wataalamu wengi huliunganisha na neno la watu wa kaskazini "skáld", yaani malenga, kwa kuwa mashairi ya kukashifu yaliogopwa sana huko. Huko Uingereza likawa jina la mtu afokaye, na katika sheria likawa jina la kosa. Mwanamke aliyewasumbua majirani kwa ugomvi wa kila siku aliweza kushtakiwa kuwa "common scold". William Blackstone, katika juzuu ya nne ya kitabu chake juu ya sheria za Uingereza, iliyotoka mwaka 1769, alieleza kwamba Kilatini cha mahakama kililiweka kosa hilo katika jinsia ya kike pekee. Mwanamume mgomvi alikuwa mgomvi tu, bali mwanamke mgomvi alikuwa mhalifu.

Adhabu yake ilikuwa kufungwa kwenye kiti kilichowekwa mwishoni mwa mti mrefu na kuzamishwa mtoni au bwawani. Mahali pengine, hasa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, alivikwa kichwani hatamu ya chuma yenye kipande cha kukandamiza ulimi, akatembezwa barabarani. Mwaka 1809 katika mji wa Leominster mwanamke aliyeitwa Jenny Pipes alizamishwa hivyo, na huhesabiwa kuwa wa mwisho kupata adhabu hiyo Uingereza. Inasimuliwa kwamba alipotolewa majini aliendelea kuwatukana mahakimu. Mwaka 1817 mwingine, Sarah Leeke, aliletwa kwenye kiti hicho hicho, lakini maji yalikuwa machache mno. Kiti chenyewe kingalipo, nacho kimehifadhiwa ndani ya kanisa la mji huo.

Sheria hii ilivuka bahari ikafika Marekani. Mwaka 1829 mjini Washington mwandishi Anne Royall, mwanamke wa miaka 60, alishtakiwa kuwa "common scold" baada ya ugomvi na usharika wa Kipresbiteri uliokuwa ukiabudu karibu na nyumba yake. Hatusemi kwamba alikuwa mpole, kwa kuwa kalamu yake na ulimi wake vilikuwa vikali. Mahakama ilimkuta na hatia, ikakataa kumzamisha, ikamtoza dola 10. Lakini tunapaswa kutafakari kwamba waliokwenda mahakamani kumpinga walikuwa watu wa kanisa. Kosa hili lilifutwa katika Uingereza na Wales kwa sheria ya mwaka 1967. Katika jimbo la New Jersey mahakama ililikataa mwaka 1972, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba liliwahusu wanawake peke yao.

8. Neno lisilojulikana na neno la upweke

Yamebaki maneno mawili. La kwanza ni "curmudgeon", yaani mzee mchoyo na mnung'unikaji. Lilitokea mwishoni mwa karne ya 16, na asili yake haijulikani hata leo. Samuel Johnson katika kamusi yake ya mwaka 1755 alidokeza kwamba huenda limetoka katika maneno ya Kifaransa yenye maana ya moyo mbaya, akaandika kwamba dokezo hilo alilipata kwa mwandishi wa barua asiyemjua. Miaka 20 baadaye John Ash, akinakili bila kuelewa, aliandika katika kamusi yake kwamba neno la kwanza la Kifaransa lamaanisha "asiyejulikana" na la pili "mwandishi wa barua". Wenye elimu wamecheka tangu hapo. Sisi tusicheke upesi, kwa sababu si mara moja mahubiri yamejengwa juu ya asili ya neno iliyonakiliwa kwa namna hiyo. Tena tunaona kwamba jina hili, ambalo kwa kawaida ni la wanaume, limelainika kiasi kwamba leo hutamkwa kwa tabasamu. Yale ya wanawake hayakupata neema hiyo.

La pili ni "sullen", mtu aliyenuna asiyetaka kusema na mtu. Limetoka katika Kilatini "solus", yaani peke yake. Katika karne ya 14 lilimaanisha mtu aliye mpweke. Baadaye watu waliutazama uso wa mpweke, wakauona umekunjamana, wakauita ubaya wa tabia. Katika maneno yote tuliyoyachunguza, hili ndilo linalotugusa kuliko mengine, kwa sababu historia yake inaonyesha huzuni ikigeuzwa lawama. Mchungaji azungukaye kuwatembelea washarika anamfahamu mtu huyo. Ni mjane aliyeacha kuja ibadani, ambaye wazee wa kanisa wanasema ni mkali na haongei na watu. Huenda hasira yake ilikuja baada ya sisi kumwacha peke yake.

9. Hitimisho

Tumeona cheo, mwili, mnyama, dini ya jirani na hata sifa njema vikigeuzwa kuwa majina ya watu wa hasira. Hatukusudii kufundisha kwamba hasira si kitu, au kwamba hakuna watu wagomvi. Luther mwenyewe, siku ya 18 Aprili 1521 huko Worms, alikiri kwamba katika baadhi ya maandiko yake alikuwa mkali kuliko ilivyompasa mtu wa wito wake. Lakini aliungama hivyo kwa kinywa chake mwenyewe, na jambo hilo ni tofauti na kupewa jina na wengine.

Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, akiieleza amri ya nane, alifundisha kwamba haitoshi kutomsingizia jirani, bali yatupasa kumtetea na kuyatafsiri matendo yake kwa upande ulio mwema. Tunaona kwamba amri hiyo yahusu hata maneno madogo tuyatumiayo katika vikao vya wazee, katika barua za kumhamisha mtumishi, na katika mazungumzo ya baada ya ibada. Humo mtu mmoja huandikwa kuwa mkorofi, na jina hilo humtangulia kila aendako. Kwa hiyo, kabla ya kuliandika jina kama hilo, na tuulize kwanza ni nani analitamka, na kama yeye anayeitwa alipata nafasi ya kusema.